Ua Tuliloliita Akapanda

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ambayo hupewa mtu asiye na sababu tena ya kuiangalia. Nawashukuru. Inaning'inia sebuleni kwangu, na mjukuu wangu anasema inapiga kelele. Halafu mkaniomba niwaandikie habari za kazi, ili ninyi mliobaki mjue wenzenu walipita wapi. Vyeo sitavitaja, kwa sababu nilikuwa na kimoja tu, mtunza bustani, na kilinitosha. Mshahara, kila mtu anaujua wake. Nitawaandikia juu ya ua moja na watu walionifundisha kulitunza. Siku hizi nikikaa kibarazani na kufumba macho, ndilo ninaloliona, mara likitikisika ndani ya ukungu wa Kitale, mara likisimama wima katika jua la Bungoma, na kabla sijafumbua macho huwa sijui niko mji gani.

Nilifika kitalu cha mji wa Kitale asubuhi ya baridi nikiwa nimevaa viatu vyeupe. Mama yangu alikuwa ameniambia kwamba kazi ya serikali huanza na viatu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Elgon ukakifunika kitalu chote, hata nisijue kinaishia wapi. Niliona tu safu za majani marefu, membamba, yenye umande, zikienda zikienda mpaka zikapotea ndani ya weupe. Nilisimama hapo nikasahau kwamba nimekuja kuajiriwa. Kisha akatokea mwanamume mrefu mwenye koti la mvua na kofia ya sufu. Alikuwa Mzee Ndiwa, msimamizi wetu, Msabaoti wa kutoka miteremko ya Elgon. Aliviangalia viatu vyangu. Akanipa shina moja lililofungwa kwa gunia bichi, akanionyesha kitanda cha udongo, akaenda zake.

Nilipanda jinsi tulivyopanda viazi kwetu. Nikachimba shimo refu, nikalitumbukiza lile shina, nikafukia mpaka zikabaki ncha za majani peke yake, nikamwagia debe zima la maji. Nilijiona nimefanya kazi. Ndiwa akarudi.

"Msichana, hapa umepanda ama umezika?"

"Nimepanda, Mzee."

"Basi huyu mtu wako anataka kupumua."

Akapiga magoti, akalichomoa shina, akaligeuza juu chini na kulipangusa udongo kwa kidole gumba, polepole, kama anayempangusa mtoto uso. Chini kulikuwa na mizizi minene, myeupe, iliyosongamana.

"Unaona? Hii iko na tanki yake. Maji yake inabeba yenyewe. Wewe ukiileta maji kila siku, unaiambia ati hujui kujitunza. Inaoza. Hapa juu, hapa mwanzo wa majani, hapa ndio shingo. Shingo unaiacha karibu na juu, ione jua. Msimu wa kwanza unaipea maji mpaka ishike. Ikishika, unaiacha."

"Unaiacha kabisa?"

"Si kabisa. Unaipitia. Lakini unaipitia na macho, si na debe."

Viatu vyeupe havikuwahi kuwa vyeupe tena.

Ua lenyewe lina jina refu la kitaalamu. Madukani wanaliita agapantha. Ndiwa alilikata likawa "akapanda", na sisi sote tukamfuata. Kwa hiyo mkisikia mkongwe kitaluni anasema "lete akapanda", msiulize ni nani aliyepanda nini. Ni mmea unaokaa miaka mingi bila kupandwa upya. Majani yake yanafanana na ya vitunguu vilivyopata elimu. Mwisho wa mvua hutoa bua refu lisilo na jani, na juu ya bua panakuwa na tumba lililofungwa ndani ya ngozi nyembamba. Ngozi ikipasuka, vinatoka vijiua vingi vidogo vya buluu, vinapangana duara mpaka vinakuwa kama mpira. Wakati huo kila kitu kingine kinaanza kukauka. Ndio maana watu husimama. Macho yako yamezoea vumbi, halafu ghafla unakutana na rangi ya mbinguni imesimama kando ya njia.

Ndiwa hakufundisha kwa kueleza. Alikupa kazi, akakuacha ukosee, akarudi. Kugawa mashina nilijifunza hivyo. Akapanda ikikaa miaka kadhaa mahali pamoja, inajaza kitanda mpaka mizizi inainuana. Kubanwa huko inakupenda, na hutoa maua zaidi, lakini kuna siku inazidiwa, unaona maua yanapungua. Hapo unangoja yaliyobaki yaishe, unachimba kwa jembe la meno kuanzia mbali ili usikate mizizi, unalilaza shina chini, na unalipasua kwa panga katikati. Mara ya kwanza niliogopa. Nilishika panga, nikaliangalia shina, nikaliangalia panga.

"Piga," alisema Ndiwa. "Haikuchukii."

Nikapiga. Ilitoa sauti ya kabichi inayopasuka. Majani unayakata nusu ili yasinywe maji ambayo mizizi bado haijui kutafuta. Vaeni glavu, kwa sababu utomvu wake unawasha, na msijipanguse macho. Hilo la macho hakuniambia mapema. Na vipande vipya vikiwanyima maua mwaka mzima msilalamike. Vimenuna. Mtu akihamishwa hata ninyi mnajua anavyokuwa.

Mwaka mmoja tuliagizwa kulipamba duara la barabara kuu, kwa sababu mkubwa fulani alikuwa anakuja kufungua kitu fulani. Yaliletwa maua ya waridi kutoka mbali, mazuri kweli, na simlaumu aliyeyachagua, hata mimi yangenishinda kuyakataa. Ndiwa aliyapanda katikati kwa heshima zote, kisha akazungusha akapanda pembeni. Mkubwa alikuja, akafungua, akaondoka. Baada yake jua likaja na halikuondoka. Mvua za masika zilichelewa mpaka watu wakaacha kuzizungumza. Lori la maji lilipelekwa kwingine kwenye shida zaidi, na ilikuwa haki. Waridi zikaisha moja moja.

Wakati huo tulifanya kazi na kibarua mmoja, Akiru, mama wa mtaa wa Kipsongo aliyetubebea samadi. Alizaliwa huko Turkana, na ukame kwake ulikuwa ndugu wa zamani, asiyependwa lakini anayejulikana. Mchana mmoja tulikaa ukingoni mwa lile duara tukinywa chai ya chupa. Magari yalikuwa yakizunguka, vumbi likizunguka nayo, na katikati ya vumbi hilo mabua ya akapanda yalikuwa yamefungua maua yote pamoja, pete nzima ya buluu ikielea juu ya udongo mkavu. Watu waliotoka sokoni walipunguza mwendo. Mama mmoja alikuja akashika ua kwa vidole akatuuliza kama ni plastiki.

"Hii haina shida," Akiru alisema, akiitazama. "Hii ilikunywa kitambo."

Nimesikia hotuba nyingi za kilimo tangu siku hiyo. Hakuna iliyosema vizuri kuliko hivyo.

Ndiwa alistaafu kabla yangu, akarudi kwao mlimani kufuga nyuki. Aliniachia panga lake, lililokuwa limenolewa miaka mingi mpaka likabaki fupi kama kisu cha nyama. Nami, serikali za magatuzi zilipokuja na kazi zikagawanywa upya, niliomba kurudi kwetu Bungoma karibu na mama yangu aliyekuwa mgonjwa. Nilipangiwa hospitali moja upande wa kwenda Kibabii. Nilipakia mashina ya akapanda kwenye magunia nikaondoka nayo. Nilipomwambia Ndiwa kwa simu, alisema, "Huko jua ni ingine. Usiipandie Kitale huko Bungoma."

Sikumwelewa mpaka nilipofika. Nyuma ya wodi ya wanawake kulikuwa na mteremko mtupu wa udongo mwekundu. Kila mvua iliponyesha, tope lilishuka mpaka mlangoni. Kila kiangazi, vumbi lilipanda mpaka madirishani. Nyasi zilipandwa zikafa, zikapandwa tena zikafa tena. Msimamizi wa wodi aliitwa Sista Evalini, mwanamke mfupi asiyekaa chini, na alinipokea kwa maneno machache.

"Mimi sihitaji maua. Nahitaji sakafu yangu ikae safi."

"Yatashika udongo, Sista."

"Basi yashike. Yakichanua ni shauri yao."

Nilichimba matuta yanayokatiza mteremko, nikachanganya samadi iliyoiva na mchanga kidogo kwa sababu ule udongo ulikuwa mzito, nikapanda. Baada ya muda majani yakaanza kuwa ya njano na kulala chini. Nikachomoa shina moja, mizizi ilikuwa laini, inanuka. Imeoza, na sikuwa nimeimwagia. Nilizunguka siku kadhaa nisielewe, mpaka nikamwona mama wa usafi anatoka na ndoo ya maji ya kupigia deki, anayamwaga taratibu juu ya mimea yangu, huku akiiambia, "Kunyweni, watoto." Alikuwa anafanya hivyo kila asubuhi kwa moyo mzuri. Sikuwa na la kumlaumu. Nilichimba mtaro juu ya mteremko, yale maji ya sabuni yakaenda kwa migomba iliyokuwa nyuma ya jikoni, nayo migomba haikuwa na neno. Kisha nikapanda upya. Safari hii ilishika, ikanuna mwaka mzima, na tope likaacha kufika mlangoni. Sista Evalini hakusema asante. Aliniletea kikombe cha chai mteremkoni, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Sasa nifike kwa watu ambao hasa ndio wamenifanya nishike kalamu.

Mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha aliletwa wodini mama mzee kutoka Kamukuywa, Sofia. Alikuwa ameteleza akitoka ghalani akavunjika mfupa wa paja. Madaktari waliuvuta mguu wake kwa kamba yenye uzito mwisho wa kitanda, akawa wa kulala chali, wiki baada ya wiki, akiangalia dari. Mumewe, Mzee Barasa, alikuja kila siku. Wodini aliruhusiwa kuingia saa za kutembelea wagonjwa tu, na kwa kuwa hakuona maana ya kurudi Kamukuywa kati ya saa hizo, alikaa juu ya jiwe kando ya mteremko wangu, kofia mapajani. Alikuwa mkulima, na mkulima hawezi kuangalia mmea siku nyingi akanyamaza.

"Mama, hivi vitunguu vyako vitakuwa tayari rini?"

Alisema "rini" badala ya "lini", kama wengi wetu wa Bungoma. Ulimi wangu nao huteleza hivyo nikikasirika.

"Si vitunguu, papa. Ni maua." Nilimwita papa, kama tunavyowaita kwetu wanaume wa umri wa baba zetu.

"Hayaliwi?"

"Hayaliwi."

Alifikiria. "Na mbuzi je?"

"Hata mbuzi hayataki."

"Sasa yanafanya kazi gani?"

Nikamwonyesha udongo ulivyotulia. Akatikisa kichwa, akaenda kwenye saa ya kutembelea, na siku iliyofuata akaniletea jibu kutoka kitandani. "Sofia anasema ati kama hayaliwi, labda yanachanua. Anauliza yatachanua ama unatulimia majani."

Ndivyo nilivyoanza kuzungumza na mtu ambaye sikuwa nimemwona. Barasa alibeba maneno ndani na nje ya ile wodi. Nilikuja kugundua kwamba akiwa njiani aliyaongeza chumvi. Sofia aliamini kwamba mteremko wangu ulikuwa mkubwa kama shamba la mahindi.

Halafu maneno yakapungua. Barasa alikaa juu ya jiwe bila kuuliza kitu. Ni Sista Evalini aliyeniambia. Sofia alikuwa ameacha kula. Alikuwa anageuza uso ukutani chakula kikija, na alikuwa amemwambia mumewe arudi nyumbani atafute mahali pazuri karibu na migomba, palimwe mapema kabla ardhi haijakauka. Ninyi mnaotoka kwetu mnajua maana ya maneno hayo, alikuwa anajichagulia kaburi. Daktari alisema mfupa unaungana vizuri. "Mfupa unaungana," Sista alisema, "mwenyewe ndiye anaachana."

Kiangazi kilikuwa kimeingia. Mabomba yalitoa maji kwa zamu, na tangi la hospitali lilikuwa la wodi na jikoni pekee. Asubuhi moja nilifika nikamkuta Barasa ameinama juu ya tuta la kwanza na mtungi wa plastiki. Alikuwa amekwenda mtoni, na mto uko mbali.

"Papa, hapana. Tafadhali usiyape maji."

"Imekauka. Angalia ardhi."

"Ardhi imekauka, yenyewe haijakauka. Ukiimwagia sasa, itaacha kutengeneza maua itengeneze majani. Iache."

Alisimama na mtungi wake mkononi.

"Mke wangu ananiambia niache. Daktari ananiambia nisubiri nje. Sasa na wewe na mimea yako unaniambia nisiipe kitu," alisema. "Sasa mimi nimpe nani?"

Nilichukua ule mtungi, nikauweka kivulini. Kisha nikamwambia ukweli mwingine wa kazi, kwamba konokono hujificha chini ya majani ya akapanda wakati wa joto, na wasipotolewa hutafuna matumba yakiwa bado laini. Akaniuliza wako wapi. Nikamwonyesha. Kuanzia siku hiyo Mzee Barasa alikuwa mwindaji wa konokono. Aliinama tuta kwa tuta, akifunua majani kwa mikono miwili, akiwaweka ndani ya kofia yake, akiwapeleka ng'ambo ya uzio wa hospitali. Aliniambia kuwaua ni dhambi mahali pa wagonjwa. Nilipomwangalia kwa mbali katika mwanga ule mweupe wa kiangazi, alionekana kama mtu anayefunika watoto blanketi kitanda kwa kitanda.

Yeye ndiye aliyeliona la kwanza. Nilikuwa nanoa panga niliposikia ananiita, si kwa sauti kubwa. Kati ya majani ya tuta la katikati kulikuwa kumetokea bua, la kijani, lenye ncha kama ya mshale. Tukatafuta, tukaona lingine, na lingine. Barasa aliweka kofia yake chini, konokono wakaanza safari, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya dirisha la wodi. Haikuwa saa ya kutembelea.

"Sofia," aliita. "Sofia, imetoa kichwa."

Sista Evalini alitoka na uso wa kugomba. Alimwangalia Barasa, akaangalia kule Barasa alikokuwa anaonyesha, akarudi ndani. Kitanda cha Sofia kilikuwa upande wa ukuta. Mama aliyekuwa dirishani alikubali wabadilishane, na mchana huo wauguzi walikisogeza kitanda polepole, mmoja akishikilia ile kamba yenye uzito mguu usisumbuke. Wakakigeuza, wakaweka mito. Hapo ndipo nilipomwona Sofia kwa mara ya kwanza. Uso mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, macho yanayopambana na mwanga.

Aliuangalia mteremko, tuta kwa tuta.

"Barasa," alisema. "Uliniambia ni shamba."

"Ni shamba dogo."

"Na hivyo si vitunguu kweli?"

Wauguzi walicheka, na yeye mwenyewe akatokwa na kicheko kidogo cha kushtukiza, kama mtu aliyepata kitu mfukoni.

Siwezi kuwaeleza vizuri siku zilizofuata. Sijui kama zilikuwa nyingi au chache, kwangu ni kama asubuhi moja ndefu. Kila nilipofika, uso wa Sofia ulikuwa dirishani kabla yangu. Matumba yalinenepa. Ngozi zikapasuka upande, ikachungulia rangi. Kisha yakafunguka, tuta la juu kwanza kwa sababu lilipata jua mapema, halafu buluu ikashuka mteremko pole pole mpaka karibu na ukuta wa wodi. Asubuhi, jua likiwa bado liko chini, mwanga wa yale maua uliingia dirishani ukagusa shuka. Wagonjwa walizungumza kwa sauti ya chini. Hata yule mama wa usafi alisimama na ndoo yake, akauliza kama sasa anaruhusiwa. Nikamwambia bado.

Sitawaambia kwamba ua lilimponya mtu. Mfupa uliungwa na daktari na muda. Sista Evalini aliniambia kwamba siku waliyosogeza kitanda Sofia alikunywa uji wote, lakini akaongeza kwamba uji wa siku hiyo ulikuwa na sukari, kwa hiyo tusijivune. Ninachokijua ni hiki, baada ya kamba kutolewa, alipoanza kujifunza kutembea kwa fremu, alikataa kufanyia mazoezi ndani ya korido. Alitaka nje. Alifika mteremkoni wakati maua yamekwisha, yamebaki mabua yenye vifuko vya kijani, amemshika Barasa bega.

"Nimechelewa," alisema.

"Kuna mwaka mwingine, Mayi," nikamwambia, kwa neno letu la kumwita mama.

Aligusa jani moja, akalifuata kwa kidole mpaka mwisho.

Siku ya kwenda nyumbani niliwagawia shina moja. Barasa alilibeba kifuani ndani ya gunia, na nilimkumbusha mambo yote, shingo juu, jua, maji kidogo, usiiwekee samadi nyingi. Alikubali kila neno kwa kichwa.

Misimu ilipita. Mama yangu alifariki, nikamzika. Kazi iliendelea. Siku moja nilikuwa nakata mabua makavu nikasikia fimbo ikigonga changarawe. Alikuwa Sofia, peke yake, anatembea. Nilitafuta kwa macho nyuma yake.

"Usimtafute," alisema. "Barasa alituacha. Alikuwa shambani, anapalilia. Alikaa chini, akalala."

Tuliketi juu ya lile jiwe. Hakuwa amekuja kulia, alikuwa amelia tayari. Alikuwa amekuja kuomba mashina mengine ya kupanda kwenye kaburi lake. Nikachimba, nikapasua, nikakata majani, na Jumamosi nikaenda nayo Kamukuywa mwenyewe.

Boma lao lilikuwa safi, na kaburi lilikuwa karibu na migomba. Nilimwuliza lile shina la kwanza liko wapi. Akaninyooshea fimbo upande wa zizi la ng'ombe. Sijawahi kuona akapanda ya namna ile. Majani yalikuwa mapana, meusi kwa unono, yamelala kila upande, na hapakuwa na hata bua moja.

"Haijawahi kuchanua," Sofia alisema. "Alikuwa anaipa samadi. Jioni anaipa maji yaliyobaki ya ng'ombe. Nilimwambia, yule mama alikukataza. Akasema hapana, ati kitu hakiwezi kukaa kwako halafu usikipe kitu."

Nilicheka, yeye akacheka, kisha tukaacha kucheka. Tulilichimba pamoja, yeye akielekeza kwa fimbo. Lilikuwa zito kama ndama. Nikalipasua kwa panga la Ndiwa, tukalihamishia kaburini mahali penye jua, pamoja na yale ya hospitali, shingo zikiwa juu. Nikamwambia asiyape maji mengi.

"Mimi sina nguvu ya kubeba maji," alisema. "Yatakuwa na bahati."

Basi, ninyi vijana. Nimestaafu, na mteremko umebaki mikononi mwenu. Tuta la chini linahitaji kugawanywa, nimeliona linabanwa. Mtaro wa maji ya sabuni uzibuliwe kabla ya mvua. Na mkimwona mtu amekaa juu ya lile jiwe, msimfukuze, hata kama sheria mpya inasema hivyo.

Kiangazi kilichopita nilikwenda Kamukuywa kumtembelea Sofia, sasa nikiwa mtu mwenye wakati. Akapanda za kaburini zilikuwa zimechanua, na zilikuwa zinaelekea kwisha. Upepo ulizitikisa, vijiua vikadondoka juu ya saruji ya kaburi, buluu juu ya kijivu. Nikatoa kisu nianze kukata mabua yaliyoisha, kama ilivyo kawaida, yasipoteze nguvu kwa kutengeneza mbegu.

"Hayo mawili uyaache," Sofia alisema.

"Kwa nini, Mayi?"

"Nataka mbegu."

Alikuwa na vifuko vya bua la awali ndani ya kitambaa. Akavifungua kiganjani, mbegu nyeusi, nyepesi, kila moja na bawa lake dogo. Alikuwa ameshatayarisha kitanda cha kuzimwaga, ukutani mwa jikoni, udongo umechekechwa vizuri.

Nikaona ni haki nimwambie, kama nilivyokuwa nikiwaambia wote. Mashina ya kugawa ni haraka. Mbegu huota vizuri, lakini inakaa majani tu kwa miaka kabla ya kutoa ua la kwanza. Watu wengi hawana subira hiyo.

Sofia alikuwa ameshainama, anazimwaga moja moja kutoka kwenye kiganja.

"Miaka," alisema. "Si niko."